Nilivyomlisha Mama Majani

Mama yangu amelima mboga za majani tangu kabla sijazaliwa, na mimi ndiye niliyejiteua kumfundisha faida zake. Nasema hili mapema ili msomaji ajue anashughulika na mtu wa aina gani. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi hapa Morogoro mjini, na mwalimu akishazoea kusahihisha watoto wa watu, haupiti muda ataanza kumsahihisha na aliyemzaa.

Kwetu ni milimani, Uluguru. Ukipita Mlali unaendelea kupanda mpaka masikio yanaziba, na huko ndiko liliko shamba la mama, kwenye mteremko ambao mgeni akiutazama tu hutafuta pa kujishikia. Analima kabichi, spinachi, letasi, figili, na siku hizi hata brokoli, kitu ambacho hakuna mtu kijijini aliyewahi kukitia mdomoni. Kijiji kizima kilijua kwamba mboga ziko za aina mbili, za kuuza na za kula. Za kuuza zilioshwa mtoni zikapangwa kwenye tenga kama watoto wa komunyo ya kwanza. Za kula zilikuwa zile zilizotobolewa na wadudu, majani ya nje ya kabichi, na vile vilivyojiotea pembeni mwa shamba bila kuombwa: mnafu, mchunga, mlenda. Watu wa hoteli za mjini walikula letasi zetu, sisi tukala masalia. Sasa wataalamu wanasema yale masalia ndiyo yenyewe hasa, ndiyo yenye madini na vitamini zote. Hakuna aliyetuambia wakati ule. Tungejua, tungeringa.

Mimi kwa kutojua niliona aibu. Nilipopata ajira nikaapa kwamba jani halitaingia tena nyumbani kwangu isipokuwa limefunga kitumbua. Nilikula nyama kila nilipoipata, na nisipoipata nilikula wali wa Dakawa na maharage nikiisubiri. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mtume wa mboga za majani.

Mwaka jana, asubuhi moja mama akiwa anapalilia, mkono wake wa kushoto ulikataa kushika jembe. Mdomo nao ukaenda upande. Mdogo wangu wa kiume, anayekaa naye kule juu, alimpandisha kwenye bodaboda, akakaa nyuma yake akimkumbatia asianguke, wakashuka hivyo mpaka mjini. Hospitali wakatuambia ni kiharusi kidogo, kimeletwa na presha. Sijui ni nani aliyebuni hilo neno "kidogo". Mama yangu alikuwa anajaribu kuniambia kitu na maneno yanamtoka yamelowa, na mimi nasimama pale nafarijiwa kwamba ni kidogo.

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwandikia dawa za kumeza kila siku, akamwambia chumvi aipunguze kabisa, mafuta yapungue, na mboga za majani ale kwa wingi.

"Unazipata lakini, bibi?" akauliza.

Mama alimtazama kwa lile jicho lililobaki na nguvu. "Mjukuu wangu, hizo unazokula wewe huku mjini, nadhani nazileta mimi."

Daktari akacheka. Kisha akanivuta pembeni, akaacha kucheka. "Mama, hili alilopata bibi ni onyo. La pili mara nyingi haliji kama onyo."

Sentensi hiyo iliniingia mwilini ikakaa. Yote niliyoyafanya baada ya hapo niliyafanya kwa sababu yake, na ninaomba ikumbukwe hivyo, maana mengine hayana utetezi.

Nilimchukua mama nikakaa naye nyumbani kwangu. Siku ya kwanza nikabandika karatasi ukutani jikoni, kwa mwandiko wa ubaoni, yenye kichwa cha habari kilichopigiwa mstari mara mbili: MBOGA ZA MAJANI NI UHAI. Chini yake nikaorodhesha mchicha, matembele, kisamvu, spinachi na majani ya maboga, kwa faida ya mwanamke aliyezilima zote akanisomesha ualimu kwa matenga ya kichwani. Kwenye kundi la familia la WhatsApp nikawa natuma somo kila alfajiri kabla watu hawajapiga mswaki. Wadogo zangu walijibu kwa vidole gumba. Nadhani walikuwa hawasomi.

Nyumbani hakuna aliyesalimika. Mume wangu, ambaye hakuwa na presha wala hatia yoyote, akawekewa matembele mchana na usiku. Aliuliza kwa upole kama daktari amemtaja na yeye. Nikamjibu kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Kuanzia wiki hiyo akawa na vikao vingi vya harusi maeneo ya Msamvu, upande ule wenye moshi wa nyama choma, na kila alipotoka kikaoni alikuwa ameshiba.

Chumvi niliiondoa jikoni. Nilifungia kopo lake kabatini chumbani kwangu, pamoja na vyeti vyangu na vitenge vya sikukuu, ufunguo nikautia kwenye pochi. Nilijiona nina akili.

Mama hakulalamika. Alitoa sharti moja tu, kwamba mboga yake atapika mwenyewe.

"Wewe mwanangu unapika mboga kama unafua soksi," alisema. "Unaitia majini, unaitoa."

Nikaona hilo ni jambo dogo, tena ni zoezi zuri kwa mkono wake mgonjwa. Kwa hiyo kila Jumamosi nilikwenda soko kuu na orodha yake: mlenda, nyanya chungu, bamia, vitunguu, magadi, na kisamvu kilichokwisha kutwangwa, maana kinu hakukiweza tena. Yeye akakaa jikoni kwenye kigoda na sufuria yake, anakoroga kwa mkono wa kulia, wa kushoto amejiwekea mapajani. Mboga zake zilitoka laini, za kijani kilichoiva, zinavutika vizuri. Alikula asubuhi, mchana na jioni, kama karatasi yangu ilivyoagiza. Sijawahi kuwa na mwanafunzi mtiifu kiasi kile.

Mwezi wa kwanza tulikwenda kliniki nikiwa nimevaa vizuri, nikitarajia pongezi. Nesi alifunga kile kitambaa mkononi mwa mama, akakijaza upepo, akasikiliza, akarudia.

"Imepanda," akasema.

Nikajipa moyo kwamba mwili una taratibu zake. Nyumbani nikaongeza majani. Mwezi wa pili ikawa imepanda tena. Nesi aliuliza kama bibi anameza dawa, nikamwambia nampa kwa mkono wangu na kumwambia afungue mdomo nione kama amemeza. Akauliza kuhusu chumvi. Nikasema nyumbani kwangu chumvi iko kifungoni. Akanitazama kwa namna ambayo mimi hutazama mtoto anayedai daftari lake limeliwa na mbuzi.

Tukarudi nyumbani. Nilikuwa naogopa sana. Nilihesabu kila hatua ya mama kutoka getini mpaka mlangoni, nikitazama kama mguu unaburuta. Lakini kuna watu wakiogopa hulia, wengine huomba, na mimi nikiogopa hutafuta mtu wa kumlaumu. Usiku huo nilikuwa nimeshampata. Mama alikuwa anakula chumvi kwa siri.

Nikaanza upelelezi. Nilikagua chini ya godoro lake alipokuwa anaoga, nikakuta rozari, kitambaa cha kichwa na pakiti ya mbegu za spinachi. Nikanusa vidole vyake nikijifanya namkata kucha. Nilikwenda kwa jirani yetu, mama mtu mzima anayekaa naye barazani jioni wakipiga soga, nikamwomba kwa heshima zote asiwe anampa mgonjwa wangu vitu vya chumvi. Jirani alisema, "Haya, mwalimu," na wiki nzima hakuja tena barazani. Nilionja hata sufuria ya mlenda kabla mama hajapakua. Chumvi haikuwemo hata chembe. Kulikuwa na ile ladha ya utotoni tu, nikachovya tena mara ya pili kwa sababu ulikuwa mtamu, kisha nikaendelea na upelelezi.

Mwisho nikamuuliza uso kwa uso. "Mama, hii chumvi unaipata wapi?"

"Sijala chumvi."

"Kipimo hakisemi uongo, mama."

"Basi mimi ndiye ninayesema?"

Sikumjibu. Na kwetu mtoto akiulizwa hivyo na mzazi akanyamaza, amejibu.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilisali nyumbani kwangu. Sisi Wakatoliki tuna utaratibu huo, kila wiki tunakutana nyumba ya mmoja wetu alfajiri, tunasoma neno, tunatafakari, halafu anayetaka anatoa ombi kwa sauti na wengine wanaitikia. Ni utaratibu mzuri. Wenye busara huombea mvua, wagonjwa na watoto walio kwenye mitihani. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, amevaa kitenge chake kizuri, wanajumuiya wote wameshamsalimia na kumpa pole. Zamu ikanifikia.

Nikafumba macho nikasema: "Tumwombee mama yetu aliye mgonjwa, Mungu amjalie moyo wa ukweli, aache kula chumvi kwa siri, apate kupona. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," wakaitikia wote.

Niliisikia sauti ya mama katikati yao. Ilichelewa kidogo, kwa sababu ya mdomo, ikamalizia peke yake wengine wakiwa wameshanyamaza. Aliitikia ombi dhidi yake mwenyewe, kwa sababu ni sala, na sala huitikiwa.

Baada ya chai akina mama wakamzunguka. Mmoja akamkumbusha kwamba mwili ni hekalu. Mwingine akasema hata yeye alikuwa mgumu kuacha sukari, lakini Mungu si mchoyo wa neema. Mama akawa anatikisa kichwa. "Nimesikia. Asanteni. Nimesikia." Mimi nikawa nakusanya vikombe, moyo mweupe, nimeikabidhi kesi mahakama ya juu.

Mwezi wa tatu kliniki tulimkuta nesi mpya, binti mdogo, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Akampima mama. Presha ilikuwa pale pale juu. Nikafungua mdomo nianze kueleza tatizo la mgonjwa huyu, lakini yule binti akawa tayari amevuta stuli akaketi mbele ya mama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, niambie jana ulikula nini, na ulikipikaje."

Katika miezi yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza anapikaje. Mama akachangamka. Akaeleza kwamba mlenda haupikwi na mtu mwenye haraka. Kwanza unatenga maji jikoni, yakipata moto unatia magadi, unayaacha yapande povu, ndipo unatia majani, nayo yanalainika bila kupoteza rangi. Kisamvu ndicho kinachotaka magadi zaidi, maana kina nyuzi. Mnafu unauchemsha na magadi, unamwaga maji machungu, unachemsha tena. Bila magadi, akasema, hiyo si mboga, ni nyasi, umpelekee ng'ombe.

"Magadi unatia mengi, bibi?"

"Ya kutosha. Mwanangu hanipunji. Kila Jumamosi ananiletea."

Nesi akaweka kalamu chini. Hakumtazama tena mama, akanitazama mimi.

"Mama, magadi na chumvi ni ndugu wa tumbo moja. Ulimi hauyatambui, lakini presha inayatambua. Anakula mboga mara ngapi kwa siku?"

"Tatu," nikasema. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika hiyo tatu ukutani na kuipigia mstari.

Nilimfungia mama chumvi kabatini, nikamletea ndugu yake kwenye kikapu kila wiki, vipande vilivyochaguliwa, vikubwa. Kadiri presha ilivyopanda ndivyo nilivyoongeza majani, na kila jani liliingia mwilini na magadi yake. Mkulima wa Uluguru akipika kama alivyofundishwa na mama yake, na mwalimu wa Morogoro akisimamia kwa ukali, lile la pili lilikuwa linakuja mbio na sisi ndio tuliokuwa tunalisukuma.

Nesi akaeleza taratibu namna ya kupika: majani yaoshwe, yakatwe, yaive kwa muda mfupi na kitunguu na nyanya, yasichemshwe mpaka yafe, magadi hapana kabisa. Mama akasikiliza kama mtu anayepewa habari za msiba. Tulipotoka nje akasimama kwenye kivuli cha jengo, akajifunga kitenge upya kwa mkono mmoja. Nilitaka kumsaidia, akasogea.

"Kumbe nilikuwa naila," akasema. "Lakini si kwa siri."

"Si kwa siri, mama."

Tukaenda nyumbani. Jioni hiyo nilimwomba radhi jikoni, nikiwa nimepiga magoti, na alinishika kichwa akaniombea kwa Kiluguru. Nikadhani yamekwisha.

Mboga bila magadi zilimshinda mwanzoni. Alizitafuna akitazama dirishani, anasema ni ngumu, zinachubua ufizi. Alizila hivyo hivyo. Baada ya mwezi presha ikashuka, na baada ya miwili ikashuka tena mpaka nesi akacheka. Jumuiya ilipokutana mara nyingine, safari hii kwa mwenyekiti, mama alikuwepo. Mmoja wa akina mama akatoa shukrani kwa sauti: tunamshukuru Mungu aliyesikia maombi yetu, bibi ameacha kula chumvi kwa siri na sasa ni mzima.

Pale ndipo pangekuwa mahali pangu pa kusema. Sentensi moja ingetosha. Kila siku huwa nawaambia watoto wa darasa la tatu kwamba mtu akikosea anyanyue mkono aseme. Nilimwona mama amenigeukia, ametulia tu, anasubiri. Chumba kilikuwa kimejaa watu ninaoheshimika kwao, wengi nimewafundishia watoto.

Nikasema, "Amina."

Kesho yake mama akaomba kurudi nyumbani. Alisema mbegu za spinachi zinataka kumwagwa kabla mvua hazijachanganya. Nilimsihi abaki, mume wangu akamsihi, hata jirani alikuja barazani akamsihi. Mama akasema amekaa vya kutosha, asante kwa kumuuguza. Mdogo wangu akaja kumchukua.

Wiki ile ile nilisimama kwenye jumuiya nikasema yote: magadi, kabati, godoro, na kwamba mama yangu hakuwahi kusema uongo. Hawakunicheka. Nusu yao waliingiwa na hofu, maana nao majumbani mwao mlenda na makande haviivi bila magadi, na maswali yakawa mengi kuliko sala. Nilitoka pale nimejiona mtu jasiri sana, tena shujaa wa afya ya jamii.

Mwezi uliopita nikapanda kijijini kumpelekea mama habari hizo. Njia nzima nilikuwa natamani nikae jikoni kwake, kwenye ule moshi, nile ugali na mnafu uliopikwa kwa namna mpya. Mama alinipokea getini kwa mikono miwili, wa kushoto sasa unapanda mpaka begani. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, akanitangulia akanifungulia sebule, akanipangusia kiti. Nikainuka niende jikoni kama siku zote. Mama akanirudisha.

"Kaa, mama. Umechoka na safari."

Nikamwambia pale pale, kabla sijanywa hata maji. "Mama, nimewaambia jumuiya ukweli. Wote wameujua."

"Umefanya vizuri," akasema. "Mimi sikuwepo kuusikia."

Kisha akatoka nje, nikasikia kelele za kuku anayekimbizwa.

Ilipofika saa saba mama mwenyewe alikuja na beseni na birika, akaninawisha mikono, mzazi ananinawisha mimi, nikashindwa pa kutazama. Wifi akaweka wali na kuku mzima kwenye sahani ambazo tangu utoto wangu zilishushwa kwa ajili ya padri na wakwe. Wakanikaribisha kwa adabu zote, wakarudi jikoni wakafunga mlango nusu. Niliwasikia huko wanacheka, mama akieleza kitu kwa sauti yake iliyorudi, na harufu ya mnafu wenye kitunguu na nyanya ikaja mpaka nilipokaa. Nilikula kuku yule peke yangu sebuleni, na sikuthubutu kuomba mboga.